Jiko la Bwenini Belgrade

Mjukuu wangu Rehema,

Hapa Mayfair hatujambo, ila goti la bibi yako tu linamsumbua. Barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka akanifukuza jikoni. Kumbe unasoma Belgrade, mji wa ujana wangu!

Unauliza kwa nini watu waliovunja shirikisho lao sasa wanabisha hodi Umoja wa Ulaya. Enzi za Yugoslavia, bwenini kwetu wanafunzi wa kila jamhuri walichoma hoho kwenye jiko moja na kuzimenya pamoja, wakigombana kila siku. Mmoja akanunua jiko lake, akajifungia chumbani. Jioni hiyohiyo akatoka na sinia la hoho zilizoiva.

“Umerudi?” tukamcheka.

“Jiko ninalo,” akasema. “Nitamenya na nani?”

Kanunue hoho, mjukuu wangu, kisha ugonge kwa jirani.

Babu yako