Forosadi za Mama

Muyeye, Malindi

Kwa kaka yangu Mwambire,

Shikamoo. Natumai huko Doha u mzima. Sisi tunaendelea.

Mforosadi wa mama umezaa sana mwaka huu, ila umeingiwa na wadudu. Juma lililopita mama alichuma forosadi bakuli zima, akala, akanipa na mimi. Nikaona vifunza vyeupe, vyembamba kama uzi, vikitambaa juu yake.

"Mama, huvioni?"

"Vitu gani, mwanangu? Mbona ni safi."

Nikaziloweka katika maji ya chumvi, vifunza vikatoka vingi, nikamwonyesha. Aliinamia bakuli muda mrefu, kisha akasema, "Sidi, hata bakuli silioni." Kumbe alikuwa akichuma kwa kupapasa.

Zilizoanguka nimeziokota nikazifukia, na mti nimeufunika chandarua ili nzi wasitage tena. Wadudu wamepungua. Macho, daktari anasema hayatarudi.

Mama amenikataza kukuambia, usije ukaacha kazi. Lakini jana aliniuliza uso wako sasa ukoje, nami pia sijui, maana miaka saba hujaja nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Sidi