Bwawa Lililojengwa na Watu wa Mahema

Jumamosi, Januari. Jua kali tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani Mount Druitt, pembeni mwa jiji la Sydney, na mchanga masikioni, na furaha inanizuia kukaa kitako.

Niandike kwanza lililokuwa likinisumbua. Nimepata nafasi ya kazi mashambani, inayolipwa na serikali: kuishi kambini na vijana wenzangu, kutengeneza njia za milimani na kupanda miti kando ya mto. Wanataka jibu Jumatatu. Nilimwambia Mama kwa sauti ndogo alipotoka zamu hospitalini, naye akajibu akivua viatu, "Sikukuleta Australia ulale kwenye hema." Anataka nianze uuguzi mara moja.

Nikaenda kuosha vyombo. Huwa sibishani naye.

Leo kanisa letu lilitembelea mji mdogo ng'ambo ya milima. Mtoni kuna bwawa la kuogelea lililozungushiwa mawe, na kando yake majiko ya mawe. Anti Njeri, rafiki wa Mama, alitandaza mbavu za mbuzi juu ya wavu na kutangaza, "Aliyejenga jiko hili alikuwa anajua nyama, haki ya Mungu!"

Bibi mmoja Mzungu, mwenyeji aliyekuwa akifagia majani pale, alikuja kuona tunachokichekea. Akatueleza kwamba miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, serikali ilileta wanaume wasio na kazi kutoka Sydney. Walilala kwenye mahema, wengine wakiwa wameacha wake na watoto, na baridi ya huku si mchezo. Walijenga bwawa, majiko na daraja tulilopita. Zamani mto ukijaa, mji ulikuwa haufikiki. Sasa basi la shule hupita juu ya daraja hilo, na kila mtoto wa mji hujifunza kuogelea humu. Yeye alijifunza humu. Mama yake pia.

"Kumbe ni watu wa mahema!" Anti Njeri akacheka, akimtupia Mama jicho; Mama alikuwa amemsimulia habari za kambi.

Mama hakucheka.

Sijui sauti ilitoka wapi. "Mama, ndiyo kazi ninayoitaka. Ndiyo hii hasa." Mbele ya watu wote, na kwa Kiswahili, mimi ambaye humjibu Mama kwa Kiingereza kila siku.

Mama akaniwekea ubavu kwenye sahani. "Kula, itapoa."

Nilikula bila kusikia ladha, kisha nikajitosa majini ili mtu asinione nikilia.

Nilipoibuka, Mama alikuwa ameketi ukingoni. Mama, ambaye huogopa hata ufuo! Alikuwa ameloweka miguu, akipapasa mawe kwa kiganja.

"Hiyo kambi yenu ina choo?"

"Iko nayo, Mama."

"Cha kuvuta maji?"

"Sijui."

"Basi uulize. Na mwakani ni uuguzi, usinichezee."

Anti Njeri alipiga vigelegele hadi mbwa wa watu wakabweka.

Nawafikiria wale wanaume. Sidhani walijua kwamba siku moja mama Mkenya angepumzisha miguu yake pale baada ya wiki nzima ya kusimama wodini. Je, mimi nitaacha nini huko niendako, na kitamfaa nani?

Naogopa, nakiri. Lakini Jumatatu nitapiga simu mwenyewe, na kabla ya kusema ndiyo, nitauliza habari za choo.