Vikombe Vitatu vya Baba Yako

Kalenga, Iringa
18 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Dastan,

Kamwene. Baridi ya huko Mbalizi inakuacheni? Eveline hajambo? Na huyo mjukuu wangu, meno yameshatoka au bado anawanyima usingizi? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mahindi yamebeba vizuri. Maharage yameharibiwa na maji, hayo tuyaache.

Usishangae shangazi yako kushika kalamu wakati simu ninayo. Nimekupigia mara sita. Ama hupokei, ama unapokea na kusema uko kazini, hata Jumapili, siku ambayo najua kiwanda chenu hakikoboi kahawa. Barua huwezi kunikatia katikati, kwa hiyo kaa chini uisome.

Najua kinachokuuma. Siku baba yako alipoanguka kanisani, mama yako alikupigia akilia, akasema, "Kahawa yako imemwangusha baba yako." Hii ni wiki ya sita. Hupigi, na vifurushi vya kahawa ulivyokuwa unatuma kwa basi vimekoma. Pole sana, mwanangu. Mama yako Tekla alisema vile kwa hofu, na amejuta. Lakini unamfahamu, kuomba radhi kwa simu hawezi, angeishia kukuuliza habari za mvua.

Sasa nikueleze ambalo hukuambiwa. Daktari alipomkataza baba yako pombe yake ya ulanzi kwa sababu ya ini, wewe ulimwambia kahawa isiyo na sukari inaonekana kulisaidia ini, anywe vikombe vitatu kwa siku. Hukukosea. Hata daktari wa kituo cha afya alituambia hivyo hivyo: watafiti wameona kwamba wanywaji wa kahawa mara nyingi maini yao huwa na nafuu, na hata kisukari kinawapata kwa uchache. Ila alisisitiza kwamba kahawa si dawa, vidonge visiachwe, na kubwa kuliko yote ni kukaa mbali na pombe.

Kosa lilikuwa kwenye kikombe. Unakikumbuka kile cha plastiki cha kijani alichokuwa anakwenda nacho kilabuni, cha lita nzima? Kwa kaka yangu, miaka arobaini sasa, hicho ndicho kikombe. Hivi vya chai anaviona ni mapambo ya wageni. Basi akawa anachemsha kahawa kwenye sufuria ya ugali, lita moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Siku ya nne mikono ilikuwa inatetemeka, moyo unakwenda mbio na usingizi hana. Jumapili, wakati wa matoleo, aliinuka kwenye benchi akaishia sakafuni.

Tulipomfikisha kituo cha afya, Nesi Evarista alipomuuliza amekunywa nini, alijibu kahawa, vikombe vitatu. Nesi hakuelewa vikombe vitatu vinamwangushaje mwanaume mzima, akamtuma mama yako nyumbani akakilete hicho kikombe. Alipoletewa alikishika kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, kisha akamuuliza baba yako kwa upole kwa nini hakuacha alipoona mwili unakataa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

"Cha tatu kilikuwa kinanishinda, binti yangu," alisema. "Lakini mwanangu alisema vitatu."

Huyo ni Silvester, Dastan. Hajawahi kumsikiliza padri, wala mkewe, wala marehemu mama yetu mpaka anaingia kaburini. Wewe ulimwambia mara moja tu, akatii mpaka akaanguka. Nilitoka nje nikalia, na kidogo niliona wivu.

Siku hizi anatumia vile vikombe vya udongo ambavyo mama yako alipewa siku ya harusi, vilivyokaa kabatini miaka yote. Daktari amemruhusu vitatu vya namna hiyo, cha mwisho kabla ya saa tisa alasiri. Anakishika kwa vidole viwili kama kifaranga, na mama yako anacheka mpaka anajishika mbavu. Kile cha kijani sasa kinapimiwa pumba za kuku.

Kinachonitia hofu ni hiki. Msimu wa ulanzi umekolea, rafiki yake Philbert anampitia kila siku, na kahawa uliyotuma imekwisha. Alhamisi iliyopita alikwenda kilabuni. Aliniambia mwenyewe kwamba alikaa, akanusa, akarudi bila kuonja. Wiki ijayo sijui.

Nilitaka kumnunulia kahawa dukani, akakataa. Jana nikiwa natafuta chumvi jikoni kwao nilikuta nyuma ya mkebe mfuko uliofungwa mafundo mawili, na ndani yake kahawa yako, kama ya vikombe viwili hivi. Nikamuuliza kwa nini anaificha wakati anaihitaji. Akasema, "Hiyo ni ya kunywa na Dastan." Halafu akaenda kufungia mbuzi.

Msalimie Eveline, mbusu mtoto, na umfikishie salamu zangu baba mkwe wako, mzee Asukile. Severina, mdogo wako, anakusalimu sana. Mungu aliyekulea tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni kwangu, akushike mkono kazini na njiani.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Faustina

Nilikuwa nasahau. Kilichofungwa kwenye gazeti ndani ya kifurushi hiki ni kikombe kimoja cha ile seti ya harusi. Mama yako amekitoa kabatini mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Anasema ukinywee huko, halafu usikirudishe kwa basi, kitavunjika. Ukilete kwa mkono wako.