Kufa Siku ya Alhamisi

Kwa dada Persis, Kiogoro,

Hamjambo? Chai inachumika? Mimi situlii, kikombe kimoja nimekiosha mara tatu tangu asubuhi.

Unajua tamthilia yetu imeonyeshwa Ijumaa jioni miaka minne, na Baba, mzee wa kanisa, huzima runinga jua likizama kwa sababu Sabato imeingia. Hajawahi kuniona nikiigiza. Tangu niache ualimu, kazi yangu hata haitaji.

Sasa tamthilia imehamishiwa Alhamisi. Nilipiga vigelegele, kisha nikakumbuka kwamba wiki hii ninazikwa. Mwanzo hadi mwisho nimelala ndani ya jeneza.

Baba akitazama, keti karibu naye, dada. Akilia, usikimbilie kumwambia ni maigizo. Mwache kwanza alie.

Mdogo wako,
Nyanchama