Chale za Kisubi

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanaidi, huko Pangani. Salamu zangu zikukute umekaa mahali pazuri. Atakayekusomea, nadhani ni mdogo wangu Athumani, namwomba asiruke neno hata moja.

Shikamoo, mama. Miguu yako bado inavimba mvua zikianza? Na paa la jikoni, mmeliezeka upya, au bado mnakinga maji kwa vyungu? Desturi ya barua ni kusema mimi mzima wa afya, sina neno isipokuwa kukukumbukeni. Mimi nina neno. Kaa kitako kwanza.

Niliondoka Kasongo, huku bara, kiangazi hiki. Sindano zangu na mkasi nilivifunga ndani ya kitambaa, nikijua narudi nyumbani. Nilipata nafasi katika msafara wa pembe za ndovu unaokwenda pwani, nikawashonea wenyewe kanzu, ikawa ndiyo nauli yangu. Rafiki yangu Kisubi akanisindikiza. Habari zake sijapata kukuandikia vizuri. Kabila lake ni Mubangubangu, kwao ni karibu na hapa Kabambare, na pale Kasongo alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni, mbele ya kibaraza nilichokuwa nikishonea. Tulianza kwa ugomvi. Alitaka kofia, nikamshonea, ikamkaa kichwani kama kifuniko cha chungu kidogo juu ya chungu kikubwa. Nikamwambia kosa ni la kichwa. Akasema, "Kichwa iliumbwa mbele, kofia ilikuja nyuma. Kosa iko ya kofia." Nikaifumua, nikashona nyingine, na tangu hapo tukawa tunakula sahani moja. Mama yake alipofariki nilimshonea sanda ya kitambaa kipya cheupe, ingawa kwao hawazikani hivyo. Hakunishukuru kwa maneno. Alikuja tu akakaa nami kibarazani mpaka jua likachwa.

Tulipofika Kabambare nikashikwa na homa, mgongo ukaniuma kama umevunjika, kisha vipele vikatoka. Ndui, mama. Unajua msafara unavyofanya ukiona ndui. Walinijengea kibanda cha majani nje ya mji, ng'ambo ya kijito, wakatoa amri asiingie mtu ila aliyekwisha kuugua akapona, maana huyo haimrudii. Hakujitokeza mtu. Walikuwapo wenye makovu yao usoni, wakatazama chini. Nami wakati huo nilikuwa nazungumza na wewe tu, nikidhani tuko jikoni.

Basi, kama nilivyosimuliwa baadaye, Kisubi akamwendea mnyapara wetu, msimamizi wa msafara, ambaye ni mtu wa pwani kama sisi. Mnyapara akamwuliza kwa mbali kama amekwisha kuugua. Kisubi akashusha nguo begani, akamwonyesha kifua na mabega, yamejaa alama. "Tazama. Mie nilisha pata ndui, nilikuwa mutoto." Mnyapara akaziona zile alama, akamwambia haya, ingia.

Zilikuwa chale, mama. Watu wa huku huchanjwa wakiwa wadogo, safu kwa safu, kwa uzuri na ili wajulikane ni wa nani. Chale huinuka, kovu la ndui hubonyea. Mtoto yeyote wa Kabambare angejua. Sisi wa pwani tumekaa na watu hawa miaka yote, tukala chakula chao, wala hatujawatazama. Mimi ningemzuia, lakini macho yangu yalikuwa yamegandana kwa usaha.

Alinilaza juu ya majani ya migomba ili ngozi isishike kwenye mkeka, akiyabadilisha kila yakinyauka. Alinipaka mawese, akanifukuzia nzi, akaninywesha uji kwa kidole pale mdomo ulipokataa kufunguka. Jicho la kulia lilipofunguka, kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kichwa chake kikubwa, na kofia niliyomshonea juu yake. La kushoto halikufunguka tena. Ukiambiwa herufi hizi zimepinda, sababu ndiyo hiyo. Uzi sitauona tena kuutia kwenye tundu la sindano.

Nikamwambia, "Kisubi, hizo ni chale." Akacheka. "Munyapara yenu hajue kusoma." Nikamwuliza kwa nini amefanya vile, nikamwuliza kwa ukali, nilikuwa nalia. Akaendelea kukoroga uji. "Wewe mama yako iko, anangoja. Mie yangu ilikufa. Nani atangoja mie?"

Sasa yeye ndiye aliyelala juu ya majani, na mimi ndiye ninayeyabadilisha. Kwangu mimi alama ni za kweli, hakuna wa kunikataza. Lakini ya kwake si ndui kama yangu. Vipele vimeungana vyote, ngozi imekuwa nyeusi, na damu inamtoka puani. Bibi mmoja wa hapa anayejua ugonjwa huu alikuja akachungulia mlangoni, akaniambia nimpe maji tu anapotaka. Zile chale alizojivunia hazionekani tena.

Msafara, uliokaa hapa muda wote huu ukikusanya pembe, unaondoka kesho alfajiri. Mnyapara ameniwekea nafasi yangu, mtu mwema, hajui alilolifanya na sikumwambia. Nitampa barua hii iende badala yangu. Watu wanasema hautapita mwingine, kwani vita vinakuja kutoka upande wa mto na njia itafungwa. Kwa hiyo, mama, usiningoje. Na yule binti mliyeniposea, mwachieni aolewe. Ningependa kukwambia nitakuja mwaka kesho, ila siamini, na wewe hupendi kudanganywa.

Ninalokuomba ni moja. Siku mtakaposoma khitma ya marehemu wetu, mtaje na Kisubi. Mwalimu akisema hakuwa mwenzetu, mwambie ni mwanao, basi. Mlilie kama ungenililia mimi, kwa sababu kilio hicho kilikuwa changu.

Nisalimie mjomba aliyenifundisha kushika sindano, umwambie mkasi wake ninao. Nisalimie dada yangu na wanawe, na shangazi anayenuna nikimsahau. Athumani, ukishasoma, mpe mama maji.

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi, nikaifungua tena. Kisubi amesikia kalamu ikikwaruza, akauliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia mama. Akaomba maji, nikamnywesha. Kisha akasema, "Mwambie asikasirike na munyapara. Mwambie mie nilisha pata ndui. Leo si uongo."

Ni sisi wanao,
Shomari,
na Kisubi, ambaye hajui kuandika, nimemwandikia.