Kichuguu cha Watoto Ishirini na Saba

Mlowo, 14 Septemba 2024

Mdogo wangu Clement,

Juzi Alhamisi, tarehe 12, watoto wangu wa chekechea wamepoteza uwanja wao wa kuchezea. Vijana uliowatuma wamekivunja kichuguu chote walichochezea, wamekanda udongo, wamefyatua matofali, wameacha shimo. Haya, habari za Tunduma? Mkeo na wanao hawajambo? Sisi wazima wa mwili.

Uwanja ule sikuupanga mimi. Watoto 27, wa miaka minne na mitano, waliuchora kwa vijiti mavumbini siku tisa. Nikawapa chokaa, wakatia alama wenyewe kwenye kichuguu: hapa kuteleza, hapa kujificha, pale visiki vya mibuni vya kurukia. Mmoja wao, Enesi, aliniambia, "Mwalimu usiguse, wakubwa hamjui." Jana wameuliza mlima umekwenda wapi. Chekechea nimeianza na mikeka miwili tu.

Dada yako,
Felista

Tunduma, 23 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Shemeji hajambo? Sisi tunasukuma siku, foleni ya malori haiishi.

Nisamehe. Nilipopita huko niliona chokaa kwenye kichuguu, nikajua umepima pa kuchimba. Kwetu huku nani anatia chokaa kwenye kichuguu kama si mtu wa matofali? Nilitaka kukushangaza kwa darasa jipya. Shimo nitakuja kulifukia mwenyewe Jumamosi. Na bembea ya chuma nitawaletea, watasahau.

Mdogo wako,
Clement

Mlowo, 26 Novemba 2024

Clement,

U mzima? Mimi mgongo tu. Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Jumamosi zimepita tisa.

Mvua imejaza shimo. Mimi linanifika kiunoni. Mtoto linamzidi kichwa. Nimezungushia miiba, lakini wazazi wameshaondoa watoto 16. Wamebaki 11. Niliwaambia hao wachore uwanja mwingine. Kumi wakachora madawati. Brayan hakuchora kitu.

"Chora unachotaka," nikamwambia.

"Mtakichukua tena."

Bembea usilete. Kichuguu hukirudishi, najua; mchwa walikijenga sisi hatujazaliwa. Nataka shimo lifukiwe. Ijumaa hii, tarehe 29, saa nne asubuhi, wazazi wanakutana kuamua kuifunga chekechea, na sina cha kuwaonyesha. Kabla ya saa hiyo nijibu, usinizungushe: unakuja na sepetu, au huji?

Dada yako,
Felista