Sura ya Salma kwenye Pakiti

Jumatatu, 2 Novemba 1998
Kiwandani tangu asubuhi. Nimeonja tena biskuti za kakao wanazotutengenezea. Tamu, hazinuki mafuta. Zimebaki pakiti tu. Zitaitwa Salma, na sura ya mwanangu itakaa mbele. Picha yake nilimtumia Liang, laoban, yaani bosi kwa Kichina, wa kiwanda, kwa faksi mwezi uliopita, ile aliyovaa gauni la Idi. Ana miaka saba. Keshaitangazia skuli nzima huko Unguja.

Alhamisi, 5 Novemba
Pakiti zimeletwa. Nikaitazama sura.

Midomo myekundu, imejaa nusu ya uso. Macho yametoka. Weusi wa lami. Chini yake, kwa herufi za dhahabu: SALMA.

Niliuliza wameitoa wapi. Wakanionyesha faksi yangu. Uso wote doa jeusi, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Mengine mchoraji kayajaza kwa kuiga mtu mweusi wa kwenye kopo la zamani la kahawa. Ujinga wangu, nani anatuma picha ya mtoto mweusi kwa faksi? Lakini na huyo mchoraji hajatuona? Mtaa huu wa Sanyuanli Waafrika tumejaa. Nina hasira.

Ijumaa, 6 Novemba
Haji, mdogo wangu, ambaye mzigo huu ni wetu sote, kwanza alicheka. Akaniona, akaacha. Anasema watoto wanakula biskuti, hawali pakiti. Meli inafunga kupokea mizigo Alhamisi ijayo. Ikitupita hii, hatufiki kabla ya Ramadhani. Kweli tupu. Leo namchukia hata hivyo.

Mchana nimerudi kiwandani na picha yenyewe, nikamwekea Liang mezani. Kaitazama sana. Mtoto mzuri, akasema, ameelewa, atabadilisha.

Jumatatu, 9 Novemba
Amebadilisha.

Mtoto wa kizungu. Nywele za njano, macho ya buluu. Jina lile lile.

Liang alikuwa anatabasamu, hana ubaya wowote. Mkalimani akanitafsiria: "Laoban anasema huyu hatamkasirisha mtu."

Naandika hili kwa aibu. Nilipoishika mara ya kwanza, kabla sijafikiri, niliona pakiti imependeza.

Jumanne, 10 Novemba
Nimemkataa yule mtoto. Kuchora upya hakuna muda. Wanayo pakiti ya kawaida ya kiwanda, ina picha ya biskuti na glasi ya maziwa. Jina watalipiga chapa juu. Haji kasema alhamdulillahi, yaishe. Nimesaini. Haina sura ya mtu yeyote.

Jumatano, 11 Novemba
Nimempigia Salma. Nikamweleza kuwa picha iliharibika kwenye mashine, wameweka maziwa badala yake. Nikamsikia bibi yake akimhimiza ajibu.

"Mama, wamenikataa? Kwani mimi mbaya?"

Nikasema hapana, mwanangu, wewe mzuri. Nikasema haraka mno, hata mimi mwenyewe nililisikia hilo. Laini ikakatika, au niliikata mimi.

Alhamisi, 12 Novemba
Mzigo umeingia bandarini Huangpu. Makaratasi yote yako sawa. Haji kapika wali, tumekula. Mvua kidogo. Kesho nitampigia tena Salma. Sijajua nitaanzia wapi.